Kulia jukwaani bila kumfukua marehemu wako

Swali ninaloulizwa kuliko yote na waigizaji chipukizi ni hili: dada, unafanyaje mpaka machozi yanatoka? Wengi huuliza wakiwa tayari na jibu la kwao. Wanaamini unatakiwa kukumbuka jambo lako la huzuni, uzame humo, kisha useme maneno ya mhusika. Ndivyo nilivyofundishwa na mimi, na ndivyo nilivyofanya kwa muda mrefu. Naandika kwa sababu njia hiyo ina gharama ambayo hakuna aliyenitajia, na kwa sababu njia nyingine zipo, nimezitumia, na zinafanya kazi vizuri zaidi.

Mchezo ulikuwa wa kwetu wenyewe. Tuliutunga kikundi kizima mazoezini Dar es Salaam kwa ajili ya ziara ya vijiji vya pwani. Ni kijiji cha wavuvi, mama mmoja mwanawe wa pekee hajarudi kutoka baharini, na mchezo mzima ni ile siku ya kungoja. Mimi nilipewa mama. Kipindi hicho msiba wa mdogo wangu wa kiume ulikuwa bado mbichi. Alikuwa amepata ajali ya bodaboda, na karibu kikundi chote kilikuja kuzika. Kwa hiyo tulipofika kwenye tukio la kuletewa habari, nami nikawa naliigiza bila uhai, kila mtu alijua nina nini moyoni. Mwongozaji akaniita pembeni. "Dada, msiba unao. Utumie."

Akaniambia nifumbe macho nirudi kwenye ile simu. Nilisimama wapi? Nilishika nini? Nilisikia harufu gani? Nilikuwa nakanda unga wa chapati, na simu niliipokea kwa kidole kimoja kisicho na unga. Harufu ilikuwa ya samli. Jirani alikuwa anamwita mtoto wake akaoge. Nilipofika hapo kwa jirani magoti yakaanza kutetemeka, na mwongozaji akasema kwa sauti ya chini, "Sasa sema maneno yako." Nikayasema. Mazoezi yalisimama kwa sababu wenzangu nao walikuwa wanalia, nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba leo ndiyo nimeanza kuwa mwigizaji.

Njia hii ina wenyewe. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa maigizo wa Urusi aliyeanzisha Jumba la Maigizo la Sanaa la Moscow mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, alichukua kwa mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot wazo kwamba hisia nazo zina kumbukumbu. Ukirudisha mambo madogomadogo yaliyolizunguka tukio, mwili unaweza kurudisha na hisia yake. Wazo likavuka hadi New York, ambako mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg alilifanya msingi wa mafunzo yake, na kutoka huko likasambaa duniani. Nilichokuja kukisoma baadaye, na kikaniuma, ni kwamba somo lilitufikia nusu. Kadiri alivyozeeka, Stanislavski alizidi kuegemea kwenye vitendo vya mwili na mazingira ya mhusika. Mwaka 1934 mwigizaji Stella Adler alikutana naye Paris, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, akarudi Marekani kuwaambia wenzake kwamba mkazo haupaswi kuwa kwenye majeraha ya mwigizaji mwenyewe. Hata Strasberg, mtetezi mkubwa wa kumbukumbu, alitaka jambo liwe limekaa miaka kama saba kabla ya kuligusa. Msiba wangu mimi, hata madeni ya mazishi yalikuwa hayajaisha kulipwa.

Maonesho ya mwanzo yalikwenda vizuri mno, na nalisema wazi kwa sababu hapo ndipo mtu anapodanganyika. Watu walikuja nyuma ya jukwaa kunishika mkono na kunipa pole. Kisha hisia ikaanza kuchoka. Chapati, samli, jirani: nilipita njia ileile na mwili haukuitika. Hilo ni jambo la kawaida, kwani kichocheo kinachorudiwarudiwa hupoteza makali. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia, nikadhani ninazembea, nikaanza kutafuta vipande vikali zaidi. Kutoka kwenye simu nikahamia mochwari. Kutoka mochwari nikahamia kaburini. Kila nilipohama nilipata machozi ya maonesho machache, kisha nikahama tena.

Hasara kubwa sikuiona ikija. Tulikutana nyumbani kwa dua ya kumrehemu, na mama akaniomba nisimulie jinsi marehemu alivyokuwa akiwaigiza makondakta wa daladala. Alikuwa hodari wa hilo, alituvunja mbavu. Nikaanza kusimulia, na sauti niliyoisikia kichwani haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya kijana anayecheza mleta habari kwenye mchezo wetu. Nikajaribu kuikumbuka simu yenyewe, ile ya siku ya ajali, na maneno yaliyokuja yalikuwa ya mswada. Nikaomba radhi, nikatoka nje.

Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alionesha katika kazi yake ya mwaka 1932 kwamba kukumbuka si kutoa kitu kabatini kama kilivyowekwa. Tunakijenga upya kila tunapokikumbuka, kwa kutumia na vitu vya leo. Mimi nilikuwa nimemjenga upya mdogo wangu jioni baada ya jioni, kwa vifaa vya mchezo, mbele ya watu, na vifaa vile vilibaki ndani. Sauti yake halisi sijaipata tena vizuri. Ninayo kidogo kwenye ujumbe mmoja wa sauti wa WhatsApp, anauliza kama nimeshatuma hela ya luku. Namsikiliza huko. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kumbukumbu ya uchungu ni mali ya mwigizaji, namwambia ndiyo, na ni mali inayoisha ukiitumia.

Mwili nao ukaanza kudai. Simu ikiita nashtuka, moyo mbio. Usingizi ulikatika saa nane za usiku na haukurudi. Posho ya ziara, ambayo nilikuwa nimeipangia kodi ya nyumba, iliishia kwenye vipimo vya moyo vilivyotoka safi, kisha kwa mshauri nasaha na nauli za kwenda huko. Mshauri alinisikiliza kwa utulivu, halafu akauliza: ukishalia pale jukwaani kila jioni, ni nani anayeuambia mwili wako kwamba yamekwisha? Sikuwa na la kumjibu.

Kilichonisimamisha kabisa ni mkono wa mwenzangu. Katika onesho moja nilimkamata yule kijana, mleta habari, nisijue kwamba nimemkamata. Kucha ziliingia. Akavuja damu, akaendelea kusema maneno yake huku amekaza meno, na watazamaji wakapiga makofi. Nyuma ya jukwaa mmoja akaniambia kwa sifa, "Leo ulizama kweli, dada." Yule kijana alinyamaza, akajifunga kitambaa. Nilipomwomba radhi akasema yamepita, lakini tangu siku ile kila nikimkaribia kwenye tukio lile aliuvuta mkono nyuma kidogo, na mchezo ukapoteza kitu. Huwezi kumsikiliza mtu unayemwogopa.

Nilipumzika. Nikaenda Bagamoyo kukaa na mama mmoja mkongwe wa jukwaa, nikamwomba tulipitie lile tukio pamoja. Aliniuliza, "Huyo mama, habari inapofika, anafanya nini?"

"Analia."

"Kulia kunakuja kwenyewe. Nimekuuliza anafanya nini."

"Anangoja."

"Anangoja mikono ikiwa wapi?"

Sikujua. Akaingia ndani akatoka na ungo na mchele, mchele wa dukani wenye chuya na mawe yake. "Mwanangu, kijana wako akitoka baharini atakuwa na njaa. Chambua. Habari ikifika isikukute hujamaliza."

Nikachambua. Yeye akasimama mlangoni akayasema maneno ya mleta habari, polepole, bila kuyatia chumvi. Mikono yangu iliendelea. Mawe huku, chuya huku. Nikajikuta nalitafuta sana jiwe linalofuata, kwa sababu nikilikosa sina pengine pa kutazama isipokuwa usoni kwake. Kisha nikaokota punje safi kabisa nikaitupa kwenye mawe. Nikaiona. Nikaitoa, nikairudisha kwenye mchele, nikatupa nyingine safi. Hapo koo likakaza lenyewe. Sikuwa nimemfikiria mdogo wangu hata kidogo. Mama yule aliacha kusema, akanitazama, akaniambia nipumzike tunywe chai.

Tangu siku ile nimelifikiria sana tukio lile, na ninaona mambo mawili. La kwanza, aliyefiwa kwa kawaida anapambana asilie. Anataka kumaliza kufua, anataka kujua nani kawaambia watoto, anataka sahani zihesabiwe. Mwigizaji anayetafuta machozi anafanya kinyume cha anachofanya mhusika wake, na watazamaji, ambao karibu wote wamewahi kuketi msibani, wanaijua tofauti hata kama hawaisemi. La pili, akili ya mtu haina uangalifu usio na kikomo. Ukiugeuza wote ndani kukagua kama huzuni imefika, haubaki wa kumsikia mwenzio. Ukiuweka kwenye mchele, mwenzio anakufikia kwa ghafla, kama habari yenyewe inavyofika.

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1884 kwamba mwili hutangulia: tunaona huzuni kwa sababu tunalia, wala si kinyume chake. Nadharia hiyo imepingwa na kurekebishwa sana tangu wakati huo, lakini kazini ina faida, maana mwili unaweza kuuelekeza na hisia huwezi kuiamrisha. Aliyelifanyia jambo hili kazi kwa ajili ya waigizaji ni mwanasaikolojia Susana Bloch wa Chile. Miaka ya 1970, akiwa na Guy Santibáñez na mwongozaji wa maigizo Pedro Orthous, alichunguza jinsi pumzi, mkao na misuli ya uso vinavyokwenda pamoja katika hisia sita: furaha, hasira, huzuni, hofu, ashiki na upendo wa upole. Huzuni, kwa mfano, pumzi huingia puani kwa vipande vifupi vinavyokatikakatika, kisha hutoka mdomoni kwa urefu, na mwili umelegea. Ukikaa ukafanya hivyo kwa uangalifu, muda si mrefu kitu kinaanza kusogea kifuani.

Msifanye peke yenu mkiwa vyumbani mwenu. Kupumua kwa nguvu kupita kiasi kunaleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, na ukifika hapo acha mara moja. Tena mtu mwenye msiba mbichi anaweza kufunguka kuliko alivyokusudia. Muwe na anayewaangalia.

Kwangu mimi kilicho cha thamani kuliko vyote katika kazi ya Bloch ni kwamba hawakuishia kwenye namna ya kuingia. Waliona waigizaji wanabaki na hisia baada ya zoezi kuisha, wakaweka hatua za kutoka: pumzi ndefu zilizotulia, kuugusa na kuukanda uso, kubadili mkao. Nimefundishwa na waongozaji wengi jinsi ya kuvaa uhusika. Wa kunifundisha kuuvua nilimkosa.

Na hili sisi wa pwani tulikuwa nalo muda wote. Nimekua nikichungulia ngoma za pepo mtaani kwetu. Mteja anapopandisha hakai peke yake. Yupo fundi, wapo wanawake wanaomfunga kanga isidondoke, wanaomsogeza mbali na chetezo cha moto. Aliyempanda anaulizwa jina lake na anachotaka, anajibiwa, na mwisho anaagwa. Kisha mwenyewe anaitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, anapewa maji, anaketi mpaka ajitambue, na hakuna anayemharakisha. Uwe unaamini pepo au huamini, utaratibu ule umejaa maarifa kuhusu akili ya mtu aliyetoka nje ya hali yake ya kawaida. Mimi jukwaani nilikuwa napandisha kila jioni bila fundi.

Denis Diderot, mwandishi Mfaransa wa karne ya 18, alidai kwamba mwigizaji mkubwa hahisi chochote, anahesabu tu. Simkubalii. Mimi nahisi. Lakini nimekuja kukubali nusu ya hoja yake: lazima abaki mtu ndani anayeona. Siku hizi nikiwa na ungo mapajani najua taa iko upande gani, najua mtoto wa mbele anakohoa, najua kama mwenzangu ameruka mstari na nitamrudishaje. Huzuni ipo, na anayeiona naye yupo. Vyote viwili vinakaa bila kugombana, na ajabu ni kwamba huzuni inakuwa nyepesi zaidi kuja kwa sababu inajua haitaachwa izurure.

Mwenzangu mmoja aliyecheza Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein alinipa njia yake ya kumlinda huyo anayeona. Uhusika ule ni mgumu kwa jambo hilihili: pepo aitwaye Hongo anampanda, anasema maneno, kisha baadaye yeye mwenyewe anabaki na shaka juu ya yale yaliyotoka kinywani mwake. Mhusika haruhusiwi kujua anasema nini, na mwigizaji lazima ajue. Akaniambia, "Dada, kwenye kupandwa kule kidole gumba cha mguu wa kushoto nakikandamiza sakafuni mwanzo mpaka mwisho. Mwili wote nampa Hongo. Kidole ni changu." Nimeliiba hilo. Changu mimi ni ukingo wa ungo chini ya kiganja.

Kuhusu kutoka, ninachofanya sasa ni hiki. Mchezo ukiisha sipokei simu wala pole za mtu kabla sijavua maleba. Nayavua mwenyewe, nakunja, naweka mahali pamoja, na kanga ya mhusika sirudi nayo nyumbani. Nanawa uso kwa maji ya baridi nikiukanda taya na paji. Nasimama wima, maana mama yule ameinama mchezo mzima, navuta pumzi ndefu, nautikisa mwili kuanzia mikononi. Kisha naye yule kijana tunatazamana, anaita jina langu la nyumbani nami naita lake, na naushika mkono wake palepale nilipoumiza, taratibu. Tulikubaliana hilo tuliporudi mazoezini, sambamba na makubaliano kwamba hakuna mshiko wa nguvu usiopangwa, na kwamba yeyote akisema neno "simama" mazoezini, kazi inasimama bila kuulizwa sababu. Baada ya hapo tunakula. Njaa baada ya tukio zito ni kubwa na watu huipuuza, wanapanda daladala wakiwa watupu, na usiku ndipo linapowarudia.

Kuna na watazamaji. Katika kijiji kimoja kusini mwa Kilwa, mama mmoja alinyanyuka katikati ya tukio la mchele akaondoka akijifunika uso kwa mtandio. Nilimwona, kwa sababu siku hiyo nilikuwa naona. Mwenzetu aliyekuwa pembeni akamfuata, akakaa naye chini ya mwembe mpaka mwisho. Naye alikuwa mama wa mvuvi. Kijiji cha wavuvi unakipelekea mchezo wa mtoto asiyerudi baharini, halafu hujajiandaa kwa mtu kama huyo? Sasa tunatangaza mapema mchezo unahusu nini, mwenzetu mmoja hapewi kazi nyingine yoyote isipokuwa kuwaangalia watu, na tunamjulisha afisa ustawi wa jamii wa kata kabla hatujafika. Mjadala baada ya mchezo hatuuanzi kwa kuuliza "mmejisikiaje." Tunauliza yule mama angesaidiwaje siku ile ya kungoja, na watu wanaongea mpaka jua linazama, maana wanalo la kusema.

Mwongozaji akikuomba ulete msiba wako, una haki ya kukataa na bado ukawa mwigizaji mzuri. Mwambie akuoneshe mhusika anafanya nini kwa mikono yake. Ukiona hana jibu, litafute mwenyewe: huyu mtu alikuwa katikati ya kazi gani, na kwa nini anataka sana kuimaliza? Kama ni lazima utumie la kwako, chukua la zamani, lililokwisha kupoa, na uliache linapokataa kuja badala ya kulichimba. Kabla ya kusaini, uliza ni maonesho mangapi kwa wiki, maana tukio zito asubuhi na jioni siku moja ni kazi ya aina nyingine kabisa. Na nusu saa ya kuvua uhusika iandikwe kwenye ratiba na ilipwe kama mazoezi yanavyolipwa. Kikundi chetu kimeanza kuiweka kwenye bajeti kwa jina hilohilo, kuvua uhusika. Mfadhili wa kwanza alitaka kuifuta. Tukamweleza habari ya simu, ya vipimo vya moyo na ya mkono wa yule kijana, akaiacha.